Dereva wa trela anapostaafu: Namna ya kuzoea maisha ya nyumba Kitui na Makueni

KUSTAAFU kwa dereva wa masafa marefu hakufanani na kustaafu kwa mwalimu au karani. Mwalimu huiaga shule na kurudi katika nyumba ambamo amelala kila usiku. Dereva wa trela huiaga kazi na makao yake siku moja, kwa kuwa kabini ya lori ndimo alimolala, alimolia na alimohifadhi nguo zake kwa miaka 20 au 30. Nyumba anayoirudia, hata ikiwa imejengwa kwa jasho lake mwenyewe, ameikalia kwa vipindi vya siku mbili tatu tu.

Katika kaunti za Kitui na Makueni jambo hili linahusu familia nyingi. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, yenye urefu wa takriban kilomita 480, hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, na vijana wa pande hizo wameingia katika udereva na utingo kizazi baada ya kizazi. Kwa upande wa Kitui, barabara ya Garissa hupita Mwingi. Wazee wanaostaafu kutoka kazi hiyo hurudi vijijini wakiwa na nguvu kiasi, fedha kidogo na mazoea ambayo nyumba haiyajui.

Makala haya yanaeleza asili ya hali hiyo, mambo yanayomsumbua mstaafu katika miezi yake ya kwanza, na hatua ambazo yeye na jamaa zake wanaweza kuchukua.

Jamii iliyozoea safari

Wakamba walikuwa wasafiri kabla ya lami na kabla ya reli. Katika karne ya 19, misafara yao ya biashara ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa. Kiongozi mashuhuri wa misafara hiyo alikuwa Kivui wa Kitui, ambaye alimkaribisha mmishonari Ludwig Krapf mwaka 1849. Krapf aliuona Mlima Kenya Desemba mwaka huo akiwa katika eneo la Kivui. Kivui aliuawa mwaka 1851 akiwa safarini kuelekea mto Tana.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Vituo vyake vya Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali viligeuka miji. Vita viwili vikuu vya dunia viliwachukua Wakamba wengi kama wapagazi na askari, na baada ya uhuru wengi waliendelea kuingia jeshini, katika polisi na katika kazi za reli. Kwa hiyo, mwanamume anayeishi mbali na mke anayetunza boma si jambo geni Ukambani. Kigeni ni yale yanayofuata, yaani mwanamume huyo kukaa nyumbani siku 365 kwa mwaka.

Biashara ya lori yenyewe imepitia misukosuko. Bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978 na kupunguza safari za malori ya mafuta. Reli mpya ya SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na mizigo mwaka uliofuata. Amri za serikali zilizotaka makasha ya mizigo yasafirishwe kwa reli zilitikisa biashara ya malori pamoja na miji inayowahudumia madereva, hadi zilipoondolewa Septemba 2022. Baadhi ya madereva walijikuta wamestaafu mapema katika kipindi hicho, bila kujiandaa.

Maisha ya kabini

Lori linalotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba au mashariki mwa Kongo humchukua dereva siku nyingi, na mwendo wenyewe ni sehemu tu ya siku hizo. Kuna foleni ya bandarini, mizani ya Mariakani na Athi River, mpaka wa Malaba au Busia, kisha kungoja kupakuliwa. Mei 2020, madereva walipotakiwa kupimwa Covid-19 kabla ya kuvuka, foleni ya Malaba ilirefuka kwa kilomita nyingi na watu wakaishi ndani ya malori kwa siku kadhaa.

Nyuma ya kiti cha dereva kuna kitanda chembamba. Kando yake kuna jiko dogo la gesi, mtungi wa maji, sufuria moja au mbili, blanketi na redio. Kila kitu kina mahali pake, na mkono hukifikia bila mtu kusimama. Dereva huamua mwenyewe wakati wa kula, wa kulala na wa kuondoka. Mtu wa pekee wa kushauriana naye ni utingo, na utingo haamui.

Maisha hayo hujenga mazoea manne. La kwanza ni kuishi katika nafasi ndogo. La pili ni kulala vipande vipande, penye kelele, huku sikio moja likilinda mafuta na mzigo. La tatu ni kuwa bwana wa kila uamuzi. La nne ni kupokea fedha za safari na kuzitumia safarini. Mazoea haya ndiyo yaliyomweka salama barabarani, na hayohayo ndiyo yanayomsumbua anapofika nyumbani.

Hali kama hii inajulikana hata ng'ambo. Nchini Marekani wapo wastaafu wanaouza nyumba zao na kuishi katika magari yenye kitanda na jiko, wakihama jimbo hadi jimbo. Mwandishi Jessica Bruder aliandika habari zao katika kitabu Nomadland mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Wengine hulazimika hatimaye kurudi katika nyumba, kwa sababu ya ugonjwa au uzee, nao huanza upya kujifunza kuishi mahali pamoja. Tofauti ni kwamba Mmarekani huyo mara nyingi alisafiri na mwenzake, ilhali dereva wetu alimwacha wake nyumbani.

Usingizi na ukimya

Malalamiko ya kwanza ya mstaafu huhusu usiku. Kijiji cha Mutomo au Mbitini kina giza na ukimya ambao sikio lililozoea ngurumo za injini huuona kama ishara ya hatari. Mzee huamka saa nane usiku, huzunguka boma, hukagua mlango, kisha hushindwa kulala tena. Mchana husinzia kitini, na watu wa nyumbani hudhani ni mgonjwa au mvivu.

Mwili una saa yake, nayo hufuata mwanga na ratiba. Saa iliyovurugwa kwa miaka mingi hairekebishwi kwa wiki moja. Kinachosaidia ni kuamka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, kutoka nje penye jua asubuhi, kufanya kazi ya mikono kabla ya joto la adhuhuri, na kupunguza usingizi wa mchana uwe wa dakika chache. Chai kali na kahawa ziachwe alasiri. Redio yenye sauti ya chini huwafaa baadhi ya watu katika wiki za mwanzo.

Miraa inahitaji kutajwa waziwazi. Madereva wengi huitumia kupigana na usingizi. Anayeendelea kuitafuna baada ya kustaafu hukosa usingizi bila kazi yoyote ya kumkesha, na anayetumia pombe kuutafuta usingizi huongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Anayeshindwa kuacha peke yake aende hospitalini bila haya.

Nafasi pia husumbua. Chumba kikubwa chenye kitanda kipana humfanya mtu ajihisi amewekwa uwanjani. Hakuna ubaya mzee akijitengenezea kona yake, yaani meza ndogo, kiti, redio, na sanduku la zana zake. Jamaa wasiione kona hiyo kama dalili ya kujitenga. Ni daraja la kumvusha.

Nani mwenye nyumba?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii inamgusa mstaafu kuliko anavyodhani. Kwa miaka 30 alikuwa mgeni wa heshima. Alifika na unga, sukari na nguo za watoto, akachinjiwa kuku, kisha akaondoka kabla ya mambo magumu kujitokeza. Mkewe ndiye aliyepanga karo, akasimamia matuta ya shamba, akazika wakwe, akakaa katika mikutano ya chifu na kujua ni jirani gani hukopa bila kulipa.

Mzee anaporudi na kuanza kutoa amri, hata kwa nia njema, anavunja mpango uliokuwa ukifanya kazi. Akihamisha zizi la mbuzi, akimfuta kibarua aliyezoeleka au akidai hesabu ya kila shilingi iliyotumwa tangu mwaka 1998, anaanzisha ugomvi ambao hauna mshindi. Watoto wakubwa mara nyingi husimama upande wa mama, kwa sababu yeye ndiye waliyemwona. Hapo ndipo ndoa nyingi zilizostahimili umbali hushindwa kustahimili ukaribu.

Njia iliyo salama ni mzee kuutumia msimu mmoja mzima wa mvua akijifunza kabla ya kubadili chochote. Aulize kazi gani haina mwenyewe aichukue, mathalani kukarabati paa, kuchimba shimo la choo, kupeleka mbuzi dawa, au kumsindikiza mjukuu shule. Ratiba ya fedha iandikwe na wote wawili. Mke naye akumbuke kwamba mtu aliyekuwa akiendesha tani nyingi za chuma kuvuka nchi tatu anahitaji jukumu la maana, na kuambiwa akae kivulini apumzike humdhalilisha zaidi ya kumfariji.

Kuna jambo gumu zaidi ambalo halizungumzwi barazani. Baadhi ya madereva walijenga nyumba ya pili barabarani, penye mke mwingine na watoto, pengine Mlolongo au Malaba. Kustaafu hakuifuti familia hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za kimila zinazoruhusu wake wengi na inataka ndoa zote zisajiliwe. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inawatambua watoto wa marehemu hata waliozaliwa nje ya ndoa. Mzee anayenyamaza hadi kifo huwaachia jamaa zake kesi mahakamani na maiti isiyozikwa kwa wiki kadhaa. Ni heri aibu ya kusema akiwa hai, mbele ya wazee anaowaamini.

Fedha za mkupuo na fedha za msimu

Dereva aliyeajiriwa rasmi huwa na akiba katika Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF). Kwa miaka mingi mchango ulikuwa Sh200 za mfanyakazi na Sh200 za mwajiri kila mwezi. Kwa kiwango hicho, miaka 20 ya michango hufikia Sh96,000 kabla ya riba. Viwango vilipanda Februari 2023, utekelezaji wa Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 ulipoanza, ambapo kila upande huchangia asilimia 6 ya mshahara hadi kiwango kilichowekwa. Anayestaafu sasa atanufaika na viwango vipya kwa miaka michache tu.

Wapo pia ambao waajiri wao hawakuwasajili, au waliwakata bila kuwasilisha. Kwa sababu hiyo dereva asingoje siku ya mwisho kuitisha taarifa ya akiba yake. Aitazame miaka mitano kabla, wakati barua za ajira na hati za malipo bado zinapatikana na mwajiri bado yupo.

Hatari kubwa ya fedha hutokana na mazoea ya posho. Safarini, fedha iliyoisha hufuatwa na nyingine wiki inayofuata. Kijijini, fedha huja kwa msimu, na msimu unaweza kukosa mvua. Mstaafu anayelipwa mkupuo na kuutumia kama posho huumaliza kabla ya mavuno ya pili. Mtego mwingine ni kununua lori kuukuu au matatu kwa sababu ndiyo kazi anayoijua. Anajua kuendesha, lakini bima, magurudumu, faini na madeni ya mizigo ni kazi ya mwenye gari, ambayo hakuwahi kuifanya. Injini ikifa, fedha zote hufa nayo.

Ni busara kuigawa fedha hiyo sehemu tatu: ya dharura isiyoguswa, iliyowekwa benki au katika chama cha ushirika wa akiba na mikopo, ya kuboresha nyumba na maji, na ndogo ya mradi ambao mke na mume wote wanauelewa. Miezi sita ya kwanza isiwe ya kukopesha jamaa. Habari ya mtu kulipwa husafiri kijijini haraka kuliko bodaboda.

Anayefikisha miaka 70 na asiye na pensheni nyingine anaweza kujiandikisha katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambao tangu 2018 umekuwa ukiwapa wazee Sh2,000 kwa mwezi. Si fedha za kutegemewa peke yake, ila hununua unga na dawa. Usajili hupitia ofisi za utawala mashinani, na kitambulisho chenye tarehe sahihi ya kuzaliwa ndicho msingi wake.

Hati ya shamba

Madereva wengi walinunua ardhi kwa haraka, wakiwa na likizo ya siku mbili, na kumwachia ndugu kazi ya kufuatilia karatasi. Kazi ya kwanza ya mstaafu iwe kuhakikisha shamba lina hati miliki na kwamba jina lililoandikwa ni lake. Uuzaji wa shamba la kilimo huhitaji idhini ya bodi ya usimamizi wa ardhi. Mkataba wa karatasi uliosainiwa mbele ya wazee pekee hautoshi. Afike katika masjala ya ardhi ya kaunti yake, atafute rekodi ya shamba, na aangalie mipaka akiwa pamoja na majirani.

Vilevile, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inazuia mali ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi. Mzee anayedhani anaweza kuuza ekari mbili kimyakimya ili kununua gari atajikuta mahakamani. Sheria hiyo humlinda yeye pia, iwapo shamba liliandikwa kwa jina la mke.

Mvua, mbegu na ghala

Kitui na Makueni zina misimu miwili ya mvua: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Ingawa msimu wa Oktoba huitwa wa mvua fupi, Ukambani ndio wa kutegemewa zaidi, na shamba linapaswa kuwa tayari kabla ya tone la kwanza. Anayengoja mvua ndipo atafute mbegu amekwisha kuchelewa.

Mazao yanayostahimili ukame ni ndengu, kunde, mbaazi, mtama na wimbi. Ndengu hukomaa kwa takriban miezi miwili hadi mitatu na soko lake ni zuri. Mahindi ya Katumani, yaliyopewa jina la kituo cha utafiti kilichoko Machakos, hukomaa mapema kuliko mahindi ya nyanda za juu. Katika Makueni, maembe na machungwa ni akiba ya muda mrefu. Mwembe uliounganishwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na kaunti hiyo ilifungua kiwanda cha kusindika matunda Kalamba mwaka 2017. Mizinga ya nyuki hufaa Kitui na Kibwezi, na kazi yake haimchoshi mtu mwenye mgongo mbovu.

Mkulima mpya mwenye umri wa miaka 60 asilime ekari zote mwaka wa kwanza. Aanze na kipande kidogo, afuate ushauri wa mkewe na wa afisa wa kilimo, na aandike gharama zake katika daftari kama alivyokuwa akiandika mafuta na kilomita.

Ghala linahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini katika mahindi iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Sumu hiyo hutokana na kuvu inayoota katika nafaka yenye unyevu, na haiondoki kwa kupika. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasigusane na udongo, na yakauke hadi unyevu wa asilimia 13 kabla ya kuhifadhiwa. Magunia yawekwe juu ya mbao mahali penye hewa. Tabia ya kuweka mahindi mabichi chumbani kwa kuogopa wezi, ambayo humjia kwa urahisi mtu aliyezoea kulinda mzigo, ndiyo hatari kubwa.

Hesabu ya maji

Barabarani, maji yalikuwa mtungi uliojazwa kituo cha mafuta. Nyumbani, maji ni kazi ya kila siku, na kwa kawaida ni kazi ya wanawake na watoto. Hakuna fedha ya kustaafu inayotumika vizuri Ukambani kuliko ile inayopunguza safari ya mtoni.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa la mabati la mita 50 za mraba, katika msimu wenye milimita 300, hupokea lita 15,000. Tukiondoa sehemu moja ya tano inayopotea kwa kumwagika na kuoshea paa, yaani lita 3,000, hubaki lita 12,000. Nyumba inayotumia mitungi mitatu ya lita 20 kwa siku itayatumia kwa siku 200. Tangi la ukubwa huo, pamoja na mifereji imara ya paa, huvusha familia kutoka msimu mmoja hadi mwingine.

Kwa kijiji kizima, mabwawa ya mchanga yamethibitisha faida yake. Ukuta wa saruji hujengwa kuvuka mto wa msimu, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga huo bila kukaushwa na jua. Wakfu wa SASOL umejenga mabwawa kama hayo Kitui tangu miaka ya 1990, na shirika la Utooni limefanya hivyo Machakos na Makueni. Kazi hufanywa na vikundi vya wanakijiji. Mtu anayejua kuendesha mitambo, kufunga mzigo na kukadiria uzito ana mchango mkubwa pale.

Afya ya mtu aliyekaa kitini

Miaka mingi ya kukaa, chakula cha mafuta cha vibandani na usingizi duni huacha alama mwilini. Shinikizo la damu na kisukari huweza kukaa muda mrefu bila dalili. Macho na masikio hudhoofika, hasa sikio lililokaa upande wa dirisha. Mgongo na magoti hulalamika. Mstaafu apimwe mambo haya katika mwezi wake wa kwanza, pamoja na tezi dume na virusi vya Ukimwi. Hospitali za rufaa za Kitui na Wote zina huduma hizo, na waliopo karibu na barabara kuu wana hospitali za Makindu na Kibwezi.

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya hazina ya zamani ya NHIF. Asiye na mshahara hukadiriwa uwezo wa familia yake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, na hulipa mchango wa mwaka mzima. Dereva aliyekuwa akikatwa mshaharani asidhani bima inaendelea yenyewe. Ni lazima abadilishe usajili na kuwaingiza mke na wategemezi. Makueni ilikuwa imetangulia kwa mpango wake wa afya kwa wote mwaka 2016, ambapo familia ilichangia Sh500 kwa mwaka, kwa hiyo wenyeji wa huko wanaifahamu faida ya kuchanga kabla ya kuugua.

Kuna pia afya ya moyo, kwa maana ya nafsi. Mtu aliyekuwa akijulikana kuanzia Mariakani hadi Malaba hujikuta kijijini hakuna anayejua sifa zake. Simu huacha kulia. Akianza kujifungia, kukataa chakula, au kusema hana faida tena, jamaa wasilipuuze jambo hilo kama uzee. Ni ugonjwa unaotibika.

Kurudi katika utui

Ukambani mtu hutambuliwa kwa kazi anayoifanya pamoja na wenzake. Mwethya, yaani kikundi cha kazi za pamoja, huchimba matuta, hujenga na hulima kwa zamu. Mwanachama asiyefika leo hatafikiwa kesho. Dereva hakuwahi kufika, alituma fedha. Sasa ana muda, na njia fupi ya kupata majirani ni jembe, ikifuatiwa na kuhudhuria mazishi, harambee na mikutano ya kijiji bila kutaka kiti cha mbele.

Ujuzi wake una soko la heshima. Anaweza kuwafundisha vijana sheria za barabara na utunzaji wa magari, kusimamia mtambo wa kusaga wa kikundi, au kuwaeleza waendeshaji bodaboda mambo ambayo trela haliwezi kufanya, kama vile kusimama ghafla. Aepuke hata hivyo kurudi barabarani kwa safari za usiku kwa sababu ya madeni. Macho ya miaka 65 si ya 35, na barabara ya Mombasa haina huruma kwa anayesinzia.

Mwaka wa kwanza kwa ufupi

Miezi mitatu ya mwanzo iwe ya kupimwa afya, kusajili bima, kufuatilia akiba ya NSSF na kukagua hati ya shamba. Miezi mitatu inayofuata iwe ya maji, paa na kujiunga na kikundi. Msimu wa Oktoba mzee alime kipande kidogo, chini ya uongozi wa aliyekuwapo. Mabadiliko makubwa ya boma na mradi wowote wa fedha nyingi vingoje mwaka wa pili, vikubaliwe na mke na mume kwa maandishi.

Waswahili wa pwani husema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msafiri huzunguka chombo mbele na nyuma, lakini mwishowe hushuka mahali pa kukaa. Kwa dereva wa Kitui au Makueni, mahali hapo pamekuwa pakitunzwa na wengine kwa miaka mingi. Akiwatambua hao kwanza, ndipo naye atapata nafasi yake ndani ya nyumba aliyoijenga.